Machaguo Sita ya Jalila

Pale Magogoni, Kisauni, shughuli haikuhesabiwa kuwa shughuli mpaka Mwanatabu apelekewe habari. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Arusi, hitima, maulidi, vyote vilipita mikononi mwake. Masufuria yake yalikuwa makubwa, hata majirani wakasema kwamba akitaka kuyaosha huingia ndani yeye mzima na sabuni yake.

Mumewe, Ishaka, alikuwa dobi katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi. Maneno yake yalikuwa machache, na nusu ya hayo machache yalikuwa mzaha. Walijaliwa watoto watatu. Mkubwa wao alikuwa Jalila.

Shuleni Mwanatabu hakufika mbali. Aliishia darasa la tatu. Sasa, mara mbili kwa wiki, alikwenda gumbaru, yaani darasa la watu wazima, katika shule ya msingi iliyokuwa karibu. Aliweza kusoma jina lake, majina ya watoto wake, na maandishi makubwa ya mabango. Tarakimu alizijua tangu zamani. Mpishi asiyejua hesabu hushibisha wachache na kuaibisha wengi.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mwanatabu alikuwa uani akipeta mchele. Jalila alisimama mlangoni na simu mkononi. Uso wake ulikuwa hauonyeshi kitu.

"Mama."

"Naam. Sema upesi, nisimwage mchele."

"Nimepata B+."

Mwanatabu aliuweka ungo chini polepole. "Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri, mama. Nzuri sana."

Katika ukoo ule hapakuwa na msichana aliyewahi kupata alama ya kwenda chuo kikuu. Mwanatabu alipiga kigelegele kimoja, na ua mzima ukajibu.

Jioni Ishaka alirudi kazini. Alimtazama binti yake, akavua kofia. "Basi kuanzia leo shuka zangu nitazikunja mwenyewe," alisema. "Msomi hakunjishwi shuka." Kisha akaingia ndani upesi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

*

Jumapili iliyofuata walifanya dua ya shukrani. Kwa mara ya kwanza, Mwanatabu alipika katika shughuli yake mwenyewe. Wanawake walikaa uani wakimenya vitunguu na thomu. Miongoni mwao alikuwa Mwalimu Mueni, mpangaji wa nyumba ya jirani. Mueni alitoka Ukambani. Alifundisha Kemia katika shule moja ya upili upande wa Bamburi, naye ndiye aliyewasaidia wanafunzi wa pale kuchagua kozi za vyuo. Alikuja na sukari kilo mbili, akachukua kisu, akaketi na wenzake bila kungojea kualikwa.

Baadaye dada yake Ishaka, Mwanakombo, aliingia na kifurushi. Mwanakombo alikuwa fundi cherehani. Alikifungua mbele ya wote. Ndani yake mlikuwa na koti jeupe la hospitali. Juu ya mfuko alikuwa ametarizi kwa uzi wa buluu: Dkt. Jalila.

"Wifi, hujakosea," Mwanatabu alisema. "Mwanangu ni daktari."

Wanawake wakacheka, wakamvisha Jalila lile koti. Lilikuwa refu kidogo. Jalila alitabasamu, akaishika mikono ya koti kama mtu aliyeazimwa nguo.

Hapo ndipo Mueni alipouliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, bila nia mbaya. "Mama Jalila, mmeshaangalia pointi zake za kundi? Udaktari una ushindani mkubwa mno. B+ peke yake haitoshi kutuambia."

Visu vikasimama. Mwanatabu alihisi damu ikimpanda usoni. Katika desturi zao, mtu haitilii shaka heri inayosherehekewa. Ni kama kuutazama uso wa mtoto mchanga na kuuliza kama ataishi.

"Mwalimu," alisema, "leo ni siku ya shukrani. Usitutilie nuksi."

Mueni aliinamia kisu chake. Alimaliza kumenya kitunguu chake. Baada ya muda mfupi akaaga, akisema ana madaftari ya kusahihisha. Wali haukuwa umepakuliwa bado.

"Wanafunzi wake huenda hawakufaulu," mwanamke mmoja alinong'ona. Mwanatabu alimsikia. Hakumkanya, na jambo hilo baadaye lilimuuma kuliko mengine yote.

Alasiri, maalimu wa madrasa aliyekuja kusoma dua aliinua mikono na kuuliza, "Mtoto tumwombee nini?"

Mwanatabu alijibu kutoka nyuma ya pazia la wanawake, kwa sauti ya kusikika na wote. "Udaktari, maalimu. Udaktari, na si kingine."

"Amin," watu wakaitikia. Wali ulipakuliwa katika masinia, watu wakala, wakasaza.

*

Wakati wa kuomba vyuo ulifika. Maombi hufanywa katika tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Jalila aliifungua kwa simu yake, wakiwa wawili tu sebuleni.

"Kuna machaguo sita, mama," alieleza. "Mtu anaweza kuchanganya. Mimi naliwaza hili: sayansi ya maabara ya tiba. Chuo chenyewe si mbali. Nitarudi nyumbani kila Ijumaa."

"Maabara ndiyo nini?"

Uso wa Jalila ulichangamka. "Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikitunza hadubini. Ukiweka tone la damu, ukatazama, unamwona kijidudu cha malaria amejikunja kama pete. Daktari mwenyewe husubiri aambiwe na mtu wa maabara. Asipoambiwa, atatibu kwa kubahatisha."

Mwanatabu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo angetamani kulimeza. "Na mimi niwaambie watu nini? Kwamba mtoto aliyeombewa udaktari amekwenda kupima mikojo?"

Jalila aliinamisha kichwa. "Basi tuliweke hata liwe la mwisho. Udaktari uwe wa kwanza, na hilo liwe la akiba."

"Ukiweka la akiba, umeitilia shaka dua. Watu wote wale waliitikia amin. Wewe utakwenda kumwambia Mola kwamba, usiponipa hili, nina jingine kando?"

"Hata ngamia hufungwa, mama, ndipo mtu akamtegemea Mola."

"Jalila."

"Abee, mama."

"Andika udaktari."

Jalila aliandika udaktari. Aliandika vyuo sita, kimoja baada ya kingine, na kila safu ilikuwa ni udaktari ule ule. Kila alipobonyeza, tovuti ilikubali. Mwanatabu aliona alama ya kijani ikitokea mara sita.

"Umeona?" alisema. "Mtambo wenyewe umekubali. Ungekuwa hufai, ungekukataa."

Jalila aliiweka simu chini. Alilitundika lile koti kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka kwenda kuchota maji.

*

Siku ya majibu ilikuwa Jumanne. Ishaka alikuwa na mapumziko, kwa hiyo wote watatu walikuwapo. Jalila alisoma ujumbe mara moja. Akausoma tena. Kisha akampa baba yake simu.

Ishaka alisoma kwa sauti. "Hukupangiwa nafasi katika chaguo lolote ulilowasilisha."

"Lolote maana yake nini?" Mwanatabu aliuliza.

"Maana yake hakuna, mke wangu. Hata moja."

"Alama yake si B+?"

"Ni B+."

"Basi wamekosea. Warudie tena."

Jalila aliinuka, akaingia chumbani, akajifungia. Hawakumsikia akilia. Mwanatabu alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu, ameshika kitasa asikizungushe.

Ishaka hakufanya mzaha. Alisema tu, "Nyumba ya pili kuna mtu anayejua. Tena siku ile alikuja mwenyewe."

Mwanatabu alijifunga leso, akaenda. Toka mlango wake hadi mlango wa Mueni zilikuwa hatua ishirini. Alizitembea kama mtu anayepanda kilima. Alimkuta Mueni akitwanga pojo.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mama Jalila. Ingia."

"Nitaingia nikishasema. Siku ya shukrani nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Ulikuja na heri yako, nikakuita nuksi. Uniwie radhi."

Mueni aliuweka mchi kando. "Niliumia," alisema. "Sitakudanganya. Lakini hata mimi nilikosea. Lile lilikuwa swali la watu wawili, nikaliuliza mbele ya ishirini. Ningengoja kesho yake, nikaja polepole. Badala yake nilinuna, nikanyamaza miezi yote hii. Mwalimu hapaswi kunyamaza hivyo." Akavuta kiti. "Haya, ingia sasa. Mwite Jalila. Aje na karatasi ya matokeo."

*

Walikaa watatu mezani. Jalila macho yake yalikuwa mekundu, lakini alimsalimu mwalimu kwa heshima, akaiweka karatasi mbele yake.

Mueni aliitazama, kisha akamgeukia Mwanatabu. "Mama Jalila, nikuulize jambo la kazi yako. Wakikuambia kuna arusi hapa mtaani, unajuaje upike mchele kiasi gani?"

Mwanatabu alistaajabu, lakini alijibu. "Nauliza kadi zimetoka ngapi. Kisha nauliza shughuli ya mwisho ya watu wale walikuja wangapi. Na iliyotangulia hiyo."

"Na mwaka huu huja wale wale?"

"La. Huzidi, hupungua. Lakini ile ya nyuma hunizuia nisipotee mbali."

"Basi unajua tayari nitakalokueleza." Mueni alichukua kalamu. "Mwanafunzi akitimiza alama za chini za kozi, amepewa kadi ya mwaliko. Kadi inakuruhusu kuja. Haikuhakikishii sinia. Mlipoona alama ya kijani kwenye simu, mliona kadi tu. Masinia ya udaktari ni machache, na wenye kadi ni maelfu."

"Sasa nani hula?"

"Wanapangwa kwa pointi. Mwenye nyingi huketi kwanza, mpaka masinia yajae. Anayekuja baada ya hapo, hata awe anastahiki, hurudi."

"Si kwa B+?"

"B+ ni picha ya masomo yote kwa jumla. Kozi hutazama kwa ukaribu zaidi. Kila kozi ina kundi la masomo manne yake. Udaktari unataka Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Masomo hayo manne yanachanganywa na jumla ya masomo saba, tunapata pointi za kundi. Pointi za juu kabisa ni arubaini na nane. Tazama hapa. Biolojia Jalila ana A-, Kiswahili ana A. Vizuri kabisa. Lakini Kemia ni B, na Hisabati ni B. Ukurasa wake wa tovuti umeandika arubaini na moja."

"Arubaini na moja katika arubaini na nane. Si haba," Mwanatabu alisema.

"Si haba kabisa. Ni mtoto hodari huyu. Lakini mtu wa mwisho kupata udaktari mwaka uliopita, katika kile chuo kilichokuwa chepesi kuliko vyote sita mlivyoandika, alikuwa na arubaini na tatu na ushei. Mwaka wa nyuma yake pia. Mlibisha hodi mara sita kwenye nyumba isiyokuwa na nafasi."

Mwanatabu alizitazama zile tarakimu. Aliweza kuzisoma. Hakuna jambo lililomchoma kama hilo. Zilikuwa pale siku zote, katika simu ya mwanawe. Angeuliza tu, angeonyeshwa.

"Na maabara?" Jalila aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Mueni alitafuta. "Mwaka uliopita, katika kile chuo cha karibu, wa mwisho alikuwa na thelathini na nane."

Nje, mtu alikuwa akipiga filimbi ya kuuza maziwa lala.

"Nilimkataza," Mwanatabu alisema hatimaye. "Aliniambia kwa kinywa chake, nikamkataza."

"Mama, basi," Jalila alisema.

"Si basi. Acha mwalimu ajue."

Mueni hakumlaumu. Alifungua ukurasa mwingine. "Mlango haujafungwa wote. Kuna muda wa kurekebisha. Waliokosa huchagua tena, lakini katika nafasi zilizobaki tu. Ni kama mgeni anayefika baada ya masinia ya kwanza kuondoka. Atakula, ila hatachagua kipande cha nyama. Tuangalie."

Waliangalia. Maabara ya tiba katika chuo cha karibu ilikuwa imejaa. Katika chuo cha pili, imejaa. Cha tatu, vivyo hivyo. Uuguzi ulikuwa umekwisha. Jalila alikuwa akishuka na orodha kwa kidole, kila mara akisema "imejaa" kwa sauti ile ile tulivu, hata Mwanatabu akatamani mwanawe apige kelele.

"Sasa nisikilize namna ya kuchagua, Jalila," Mueni alisema. "Usirudie kosa la kuandika jambo moja mara sita. Weka moja lililo juu yako kidogo, la kujaribu bahati. Weka mawili matatu ambayo pointi zako zinalingana na za miaka iliyopita. Kisha weka ambayo pointi zake umezipita mbali. Hayo ya chini yawe kozi ambazo ukizipata utazisoma kwa moyo, si za kujaza nafasi. Na usitazame mwaka mmoja tu. Kama pointi zinapanda kila mwaka, acha nafasi ya kupanda tena. Hizi za nyuma hutuongoza. Hazituahidi kitu."

Jalila aliandika polepole. Safari hii, kila chaguo lilikuwa na kozi yake. Mwanatabu hakusema aandike nini. Mara moja tu aliuliza, "Hili wewe unalipenda?" Jalila akafikiri kabla ya kujibu. "Naweza kulipenda," alisema.

*

Alipata. Alipangiwa sayansi ya chakula na lishe, katika chuo kimoja cha bara, safari ya kutwa kucha. Ilikuwa ni heri, na kila mtu alisema hivyo. Dirisha la uhamisho lilipofunguliwa, aliomba arudishwe pwani. Chuo cha karibu kilijibu kwamba kimejaa.

Siku ya kuondoka, Mwanatabu alimfungia mwanawe vileja, achari ya maembe, na kikopo cha bizari ya pilau. Alivifunga na kuvifungua mara tatu.

"Koti hulichukui?" aliuliza.

Jalila alitazama nyuma ya mlango. "Limeandikwa daktari, mama. Nitawaambia nini wenzangu?"

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini haendi na mwavuli. Lakini Mwanatabu alikumbuka ni nani aliyewahi kuuliza, "Niwaambie watu nini?" Akaona kwamba mtoto alikuwa amejifunza swali hilo kwake.

Nyumba ikawa kubwa. Ijumaa zikawa ndefu. Kila alipofunga mlango, Mwanatabu aliliona lile koti. Hakuliondoa.

*

Mwaka mmoja ukapita. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka tena. Safari hii aliyefanya mtihani alikuwa Sauda, binti yake Mwanakombo, yule fundi cherehani. Alipata B+.

Mwanakombo alifika kwa Mwanatabu asubuhi na mapema, anahema. "Wifi, Jumapili tuna shukrani. Nataka pilau ile ile ya Jalila. Nitakuletea mchele leo."

Mwanatabu alimwangalia. Alimpenda sana wifi yake huyu. "Nitakupikia," alisema. "Lakini mchele usiulete kabla hujaniletea karatasi ya matokeo ya mtoto. Bila karatasi, jiko siwashi."

"Wifi, karatasi itaivisha pilau?"

"Yangu haikuiva bila hiyo. Ndiyo maana naiulizia."

Mwanakombo aliitikia kwa kichwa. Alimfahamu. Saa tisa alirudi na karatasi, na Sauda nyuma yake. Wote watatu wakatembea zile hatua ishirini mpaka kwa Mwalimu Mueni. Hawakuenda mbele ya watu, wala siku ya shughuli.

Mueni aliwaeleza kama alivyoeleza mwaka jana. Pointi za kundi za Sauda hazikufika arubaini. Zilikuwa chini ya zile za Jalila. Mueni alifungua orodha ya kozi, akafika kwenye maabara ya tiba, chuo cha karibu. Kando yake paliandikwa pointi za mtu wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita.

Ulikuwa ni mwaka wa Jalila. Mwanatabu aliisogeza simu karibu na macho yake. Akasoma mwenyewe, bila kusaidiwa: 38.5.

Alihesabu kichwani, kwa ile hesabu ya mchele na wageni. Mwanawe alikuwa na arubaini na moja. Pale palikuwa na kiti. Palikuwa na sinia, na nafasi ya kukunja miguu.

"Mama Jalila?" Mueni aliita.

"Nipo, Mwalimu. Endelea na mtoto."

Sauda aliandika machaguo yake. Uuguzi ulikuwa juu, kwa kujaribu bahati. Maabara ya tiba iliandikwa katika vyuo viwili. Chini ziliwekwa kozi ambazo pointi zake zilikuwa zimezipita, na zote alizitaka mwenyewe. Mwanakombo aliuliza maswali mengi. Mara mbili alisema, "Lakini uuguzi ungekaa vizuri mdomoni." Kila mara Mwanatabu alimgusa goti.

Jumapili pilau ilipikwa. Maalimu aliinua mikono na kuuliza, "Mtoto tumwombee nini?"

Mwanakombo alimtazama wifi yake. Mwanatabu alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Mwombee apate lenye heri naye, maalimu. La kuchagua, ameshachagua."

"Amin," watu wakaitikia.

Majibu yalipotoka, uuguzi Sauda aliukosa. Alipata sayansi ya maabara ya tiba, katika chuo cha karibu. Angerudi nyumbani kila Ijumaa.

Mwanatabu alimpigia Jalila simu. Alizunguka maneno kwanza. Aliuliza habari za baridi, za chakula, za mitihani. Kisha akamwambia.

"Hongera zake," Jalila alisema. "Nafurahi, wallahi. Mwambie hadubini haishikwi kwa mkono mmoja." Kisha akasema, "Mama, huko maabara atahitaji koti. Mpe lile. Mikono ipunguzwe, Sauda ni mfupi."

"Na wewe?"

"Mimi niko salama, mama. Huku wananifundisha kwa nini wali wako hauchachi. Mpe koti."

Mwanatabu alilitoa koti msumarini. Mwanakombo alipunguza mikono kwa cherehani, akataka kulifumua jina pia, lakini Mwanatabu alikataa. Alikaa uani na wembe na sindano, akaufumua uzi wa buluu, herufi baada ya herufi. Sasa alizijua zote. Aliitoa D, akaitoa k, akaitoa t. Alipofika kwenye jina la mwanawe, alipumzika mara nyingi kabla ya kumaliza.

Sauda alikuja kulijaribu. Lilimkaa vizuri. Juu ya mfuko, kitambaa kilikuwa kimebaki na vitundu vya sindano, na ukikielekeza kwenye jua bado ungeweza kulisoma jina.

"Mkaza mjomba, hapa palikuwa na nini?" Sauda aliuliza, ingawa alijua.

Mwanatabu alimkalisha karibu yake, akamweleza yote tangu mwanzo.